Jumanne moja Minneapolis: chai, mursik na kisigino cha mzee

Saa ninazoandika hapa ni za Kiswahili. Simu yangu inasoma kwa mtindo wa Marekani, lakini kichwa changu bado kiko Kericho, Kenya.

Saa 10:45 alfajiri

Kengele inalia, naizima, inalia tena. Kabla ya kushuka kitandani nafungua Anki kwenye simu, programu ya kadi za kukariri. Leo ni asidi amino, zote ishirini, kila moja na herufi yake. Lysini ni K, tryptofani ni W, na aliyezigawa hakunionea huruma. MCAT, mtihani wa kuingia shule ya udaktari, unazitaka zote kichwani.

Nieleze kidogo kwa wa nyumbani. Kwetu ukifanya vizuri KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, unaitwa moja kwa moja kusomea udaktari, miaka sita, basi. Hapa Marekani lazima kwanza uwe na digrii, kwa kawaida miaka minne. Inaweza kuwa ya chochote, hata muziki, mradi umepitia biolojia, kemia, kemia ya kaboni na fizikia pamoja na maabara zake. Halafu MCAT, halafu miaka minne ya shule ya udaktari, halafu mafunzo ya ubingwa miaka mitatu hadi saba. Niliyeketi naye dawati moja sekondari yuko Chuo Kikuu cha Moi, mwaka wa nne, anavaa koti jeupe wodini. Mimi mwaka wa kwanza baada ya kufika kwa bahati nasibu ya green card niliumalizia kazini nikitafuta kodi ya nyumba, kwa hiyo niko mwaka wa tatu wa biolojia na sijagusa koti la mtu.

Saa 11:30

Sehemu ninayoiogopa kuliko zote kwenye MCAT haina kemia hata chembe. Ni ya kusoma na kufikiri: vifungu tisa, maswali 53, dakika 90. Leo asubuhi nimefanya viwili vya mazoezi, kimoja kuhusu usanifu wa makanisa, kingine kuhusu mwanafalsafa aliyekasirishwa na mwanafalsafa mwenzake. Kiingereza ni lugha yangu ya tatu. Nikimaliza kifungu naelewa kila neno, ila swali linaloniuliza mwandishi "angekubaliana zaidi" na nini linaniacha mdomo wazi. Nimekosa matano. Wiki jana nilikosa saba.

Saa 1:00 asubuhi

Kituo cha mabasi cha Brooklyn Center, baridi ya Oktoba, pumzi inatoka kama moshi wa kuni. Basi la C Line hadi katikati ya mji, kisha treni ya Green Line hadi East Bank. Kituoni nakutana na mama mmoja wa Kisii anayetoka zamu ya usiku.

"Umeamka aje, daktari?"

"Salama, mama. Pole na kazi."

"Unamaliza lini?"

Swali hilo naulizwa kanisani, dukani na kwenye simu. Nimecheka tu, basi likaja.

Saa 3:00 hadi saa 6:00

Bayokemia, kisha fizikia. Sina la kusimulia, nimeandika hadi kiganja kikauma. Katikati nimemwona mshauri wa masomo kwa dakika ishirini. Maombi ya shule za udaktari hufunguliwa Mei, na anayeomba leo huingia darasani mwaka unaofuata. Nikitaka kuunganisha bila kupumzika, lazima MCAT iwe imekwisha kabla ya majira ya joto yajayo. Ameniangalia, ameangalia ratiba yangu ya kazi, akasema kwa upole kwamba wengi husubiri mwaka mmoja na hakuna anayewahukumu. Nilipotoka nilihisi mzigo umeshuka mabegani. Halafu nikakumbuka kuna Mama.

Angalau karatasi ninazo. Shule nyingi za udaktari hapa hazipokei wanafunzi wa kigeni, na wenye viza ya masomo darasani mwetu wanabeba wasiwasi ambao mimi nimeepushwa nao.

Saa 7:30 mchana

Maabara ya kemia ya kaboni. Kazi ya leo: kutoa kafeini kwenye majani ya chai. Nimetabasamu hadi masikioni. Mtoto wa Kericho, chai inishinde?

Unachemsha vifuko vya chai na kaboneti ya sodiamu, ambayo ni ndugu wa magadi ya mboga za kienyeji. Magadi hayo yanazishika tanini zibaki majini. Ukishapoza unamimina kwenye chupa yenye umbo la pea na koki chini, unaongeza kiyeyushi kiitwacho dikloromethani, na kafeini inahamia humo. Dikloromethani ni nzito kuliko maji, hivyo inakaa chini na unaifungulia koki. Msaidizi wa maabara alisema mara mbili: zungusheni taratibu, msitikise.

Nikatikisa. Mikono yangu ilijua jambo moja tu kuhusu chombo chenye kiuno na shingo, nacho ni kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Nilipokisimamisha chombo hapakuwa na tabaka la juu wala la chini. Palikuwa na uji wa kahawia wenye povu, umetulia, haujali. Nilipoteza karibu nusu saa nikiongeza maji ya chumvi na kungoja vitengane. Mwishowe nikapata miligramu 21 za unga mweupe wenye kijani kwa mbali, wakati jirani yangu, ambaye hanywi hata chai, amepata zaidi ya mara tatu.

Saa 11:00 jioni

Zamu fupi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, hadi saa 4:00 usiku. Mimi ni CNA, yaani msaidizi wa muuguzi: naosha, nalisha, nageuza, nabadilisha, napima presha. Wengine wetu hawapendi kusema wazi kazi hii, wanasema tu "niko kwa hospitali". Mimi nasema.

Chumba cha mwisho yupo mzee aliyefuga ng'ombe wa maziwa maisha yake yote. Sheria ya faragha hainiruhusu zaidi ya hapo. Kumbukumbu zimemtoroka, jina langu analipata upya kila siku, lakini ukimtajia maziwa anakaa wima. Nikimlisha supu nikamsimulia kisa cha maabara. Akafikiri sana, kijiko kikiwa hewani, akasema: "Uliacha mapema. Ungetikisa zaidi ungepata siagi."

Saa 2:00 usiku, wakati wa kumgeuza, nikavua soksi yake ya kushoto. Kisigino kina duara jekundu, kama sarafu. Nikakibonyeza kwa kidole gumba na kuachia. Ngozi yenye afya hubadilika kuwa nyeupe, kisha damu inarudi. Hii haikubadilika, ilibaki nyekundu ileile. Ndiyo dalili ya kwanza ya kidonda cha kulalia, kabla ngozi haijapasuka. (Kwa ngozi yetu nyeusi usingoje wekundu, hauonekani hivyo, papasa joto, papasa ugumu, linganisha na mguu wa pili.) Nikamwita muuguzi, akabonyeza naye, akaandika. Tukaweka mto chini ya muundi ili kisigino kielee hewani bila kugusa shuka. Nimeangalia tena saa 3:00, na saa 4:00 nikimkabidhi wa zamu ya usiku nimemwonyesha kwa kidole, si kwa karatasi pekee.

Saa 4:25 usiku

Ndani ya basi nafungua jedwali langu la Excel. Fomu ya maombi inakubali shughuli 15, kila moja na idadi ya saa na maelezo ya herufi 700. Sote tunahesabu: saa za kujitolea, saa za utafiti, saa za kumfuata daktari kama kivuli. Mwenzangu mmoja ana saa 40 za kumfuata mpasuaji na anazitaja kila tukikaa kula. Za kivuli mimi ninazo sita. Safu ya kazi, baada ya leo, inasoma 1,875. Kuna kisanduku cha maelezo pembeni. Nimeandika "kisigino", nikafunga.

Saa 4:50 usiku

Kericho ni saa 12:50 asubuhi. Mama anapiga akiwa jikoni, sufuria ikigongana. Namwambia habari ya chai. Anacheka hadi anakohoa. "Chai yetu hii hii? Umeifanya nini?"

Halafu anauliza, kama nilivyojua atauliza.

"Mwaka mmoja zaidi, Mama. Nitangoja kidogo kabla ya kuomba."

Kimya. Nikaanza kumweleza kuhusu mtihani, kuhusu mshauri, maneno yakigongana.

"Ngoja," akasema, "maziwa yanamwagika." Simu ikakatika.