Atlas la tani 100 na pawa saplai ya mjomba

Kuna gemu linaitwa MechWarrior 4: Mercenaries, lilitoka 2002, mimi nililikuta 2006 Ngamiani, Tanga, kwenye kompyuta ya duka la mjomba wangu, na ndo gemu pekee maishani mwangu lililowahi kunifanya niokote vyuma chakavu nikiwa nimefunga. Ngoja niwape kisa.

Mwaka ule ulikuwa wa mgao wa umeme, mnaukumbuka. Mvua ziligoma, kina cha bwawa la umeme la Mtera kikashuka mpaka likawa habari ya kila siku redioni, umeme ukawa unakatwa asubuhi unarudi usiku, na ukirudi mtaa mzima unapiga kelele huuuuu utadhani Coastal Union wamefunga bao pale uwanja wa Mkwakwani. Mjomba alikuwa na kaduka ka stesheneri barabara ya 12, fotokopi moja, kompyuta moja Pentium 3 mtumba wa Dubai, kwahiyo kazi zote za mchana zikahamia usiku. Halafu ilikuwa Shaabani, na Tanga ikifika Shaabani kila mtu anataka kuoa kabla ya mfungo, kadi za harusi zimejaa mpaka kwenye boksi la karatasi chakavu. Mjomba akanipa ufunguo. Mimi niko form three, likizo fupi, najua kuchapa kidogo, akaniambia "We mjomba, mgongo wangu huu haukeshi tena, chapa hizo kadi nikija alfajiri nizikute."

Na alfajiri alikuwa anazikuta kweli. Ila hakujua kuwa kadi 50 zinaisha saa sita usiku na pale katikati mpaka adhana sisi watatu, mimi na wenzangu Hemedi na Kibwana, tunafanya nini.

CD aliileta Hemedi, kaka yake alikuwa baharia, imeandikwa kwa makapeni MECH basi, hakuna kava hakuna maelezo. Tulidhani filamu. Kuingiza tu tulihangaika siku mbili, na kwa ile kompyuta ilibidi tushushe picha mpaka milima ikawa kama maandazi, lakini pale unapokaa ndani ya roboti kwa mara ya kwanza, na ile sauti inakutangazia mitambo imewaka, halafu unakanyaga hatua ya kwanza na kioo chote kinatikisika, aisee. Kibwana alisimama akashika kichwa.

Kwa asiyelijua ni hivi, ni karne ya 31, kuna kaka na dada wa ukoo mmoja wa kitawala, Victor na Katherine, wanagombea urithi na sayari kibao zinachinjana kwa ajili yao, ugomvi wa mirathi kama wa kwetu tu ila wenye makombora. Na wewe huna upande. Wewe mamluki, unapigana kwa anayelipa. Mwanzoni unachagua kikosi kikubwa cha mamluki utakachoegemea, viko vinne, kina Kell Hounds, Gray Death Legion, Northwind Highlanders na Wolf's Dragoons, wengine huko duniani najua walikaa wakafikiria, sisi Kibwana alisema "Kell Hounds, hao mbwa" tukabonyeza. (Baadaye sana ndo nikaja kujua hii kitu yote ilianzia kwenye mchezo wa mezani wa BattleTech, 1984, kampuni ya FASA ya Chicago, watu wanasogeza vitoi kwenye karatasi na kurusha dadu. Ningejua ule mwaka wa mgao tungecheza wa karatasi.)

Sasa watu wakisikia maroboti wanadhani ni kufyatua tu. Hapana bhana. Kwenye hili gemu kufyatua ni kazi ndogo, kazi ni hesabu. Kila ukitoka vitani kuna bili. Matengenezo unalipa, marubani wako mshahara, kusafiri sayari hadi sayari pesa, silaha unanunua. Pesa zao zinaitwa C-bills sisi tukaziita sibili, "mgosi tumebakiwa na sibili ngapi?" Na kinachokutoa ni vyuma, ukiangusha roboti la adui kuna wakati linakuwa lako, unalitengeneza au unaliuza. Kibwana ndo alikuwa mhasibu, na kwa kuwa hatukuwa na daftari alikuwa anaandika nyuma ya daftari la mjomba la madeni. Hilo daftari mlishike, tutalirudia.

Hela ya kwanza ya maana tuliipata Solaris. Hiyo ni sayari ya mapambano ya uwanjani, watu wamelipa kiingilio mnapigana, kuna madaraja kwa uzito kama ndondi, na kuna mtangazaji anaitwa Duncan Fisher, yaani huyo mtu anavyotangaza utadhani ni yule wa redioni siku ya Coastal na African Sports, anapiga kelele, anakusifia, dakika hiyohiyo anakuponda. Hemedi alikuwa anacheza kwa ajili ya Duncan tu. Tulishinda madaraja madogo, tukapanda, tukaanza kupiga Steiner Coliseum kwenyewe, na sibili zikajaa, na pesa zikijaa ndo matatizo yanaanza.

Hemedi akataka Atlas.

Atlas ni tani 100, uzito wa juu kabisa, uso wake fuvu la mtu. Linatembea taratibu kama bibi harusi. Kibwana akasema tukilinunua tutabaki hatuna hata ya kulitengeneza, wakabishana mpaka nikawaambia shusheni sauti. Na kulikuwa na mtu wa nne mule ndani, mzee mmoja mwenye yadi ya skrepa nyuma ya duka, kila usiku alikuwa anakuja kuchaji simu yake maana kwake laini ilikuwa na hitilafu, anakaa kwenye kigoda anatuangalia hasemi kitu. Sisi tulikuwa tunamwita Babu Skrepa. Siku hiyo akauliza, hili lijitu linafanya kazi gani? Tukamweleza kazi inayofuata, kulinda malori fulani hivi. Akasema, "Wajukuu zangu, Fuso hulipeleki kubeba debe la mihogo." Akachomoa simu yake akaondoka.

Tulinunua.

Nakumbuka ilikuwa usiku wa Alhamisi kwa sababu kadi zilikuwa za harusi ya Ijumaa. Hemedi kashika kibodi, mimi mausi, Kibwana kaushika mdomo wake. Atlas likaingia vitani na kweli mwanzo raha, adui wanakuja wadogo wadogo wanazunguka kama nzi na Hemedi anawapiga. Lakini hili gemu lina joto. Kila silaha ukifyatua roboti linapata moto, leza zinapasha, zile bunduki za umeme zinapasha zaidi, ukizidisha mtambo unajizima wenyewe usilipuke, unabaki umesimama gizani kama mnazi mpaka upoe. Unatakiwa upige, upumzike, upige. Hemedi hajui kupumzika. Aliyakusanya yote akabonyeza kwa pamoja, nikamwambia joto mgosi joto, akasema namalizia huyu, na kioo kikawa cheusi.

Kimya.

Hemedi akasema tulieni, linapoa. Tukatulia. Tumekaa watatu kwenye giza tunakodolea monita nyeusi, Hemedi ananong'ona "sasa hivi linawaka, sasa hivi", Kibwana ananong'ona "watatumaliza wakati limezima", na nadhani ilipita hata dakika nzima kabla hatujasikia kutoka mtaa wa pili ile sauti mnayoijua nyote, aaaaaaah, ya watu wote kwa pamoja. Umeme ulikuwa umekatika. Barabara ya 12 yote iko giza na sisi tunasubiri Atlas lipoe.

Tulicheka. Tulicheka mpaka Kibwana akalala sakafuni juu ya karatasi. Na katika kucheka huko hakuna aliyekumbuka kuchomoa waya ukutani.

Ulirudi baada ya kama robo saa, na ulirudi kwa kishindo, taa ikawaka nyeupe kupita kiasi, nyuma ya kompyuta ikasikika ta! halafu harufu. Ile harufu kama hujawahi kuunguza kitu cha mtu siwezi kukuelezea. Nikabonyeza kitufe, hola. Na kadi 20 za harusi zilikuwa hazijatoka.

Alfajiri mjomba kaja. Shikamoo mjomba, marahaba, nikamwambia umeme ulirudi kwa nguvu umeunguza, ambayo si uongo. Akakaa kimya, akachukua daftari la madeni aangalie hiyo harusi imelipa kiasi gani, na lilifunguka nyuma. Akasoma taratibu. Akavaa miwani akasoma tena.

"Atlas ni nani?"

Nikanyamaza.

"Maana hapa naona nimemlipia matengenezo, nimelipa mishahara ya watu wanne, na usafiri. Huyu Atlas anakaa wapi?"

Sijapigwa siku hiyo, na kwa kweli ningependa kupigwa. Alimwita fundi, fundi akasema ni pawa saplai, pamoja na ufundi wake shilingi 25,000, na mjomba akageuza daftari upande wa mbele, wa watu wazima, akaandika majina yetu matatu na ile hela, akapiga mstari chini kwa rula. Kadi za harusi alikwenda kuzimalizia kwa mtu mwingine mjini kwa hela yake, hizo hakuziandika.

25,000 mwaka ule kwa vijana wa form three ni hela ndefu sana. Tukaenda kwa Babu Skrepa. Hakuuliza kitu, akatupa gunia mbili akasema kilo shilingi 100, misumari sichukui. Na Ramadhani ikaingia. Jamani, kuokota vyuma na jua la Tanga, umefunga, unasukuma baiskeli yenye gunia la nondo kutoka Makorora, kila jioni baada ya shule na Jumamosi zote. Tulipita magereji, tulipita majalala, kwa mafundi baiskeli tulipata fremu mbovu saba tukafurahi kama tumeangusha roboti. Kibwana akawa anaandika kilo kwenye daftari, safari hii letu wenyewe, na nakumbuka siku moja tunapima akasema kwa sauti ya Duncan Fisher kabisa, kilo kumi na tatu mabibi na mabwana! Babu Skrepa akamwangalia hivi, akamwambia kumi na mbili na nusu.

Deni liliisha siku mbili kabla ya Iddi. Mjomba akalikata kwa rula ileile.

Iddi pili usiku umeme upo, tumevaa kanzu, mjomba mwenyewe akafungua duka akasema haya nionyesheni huyo Atlas. Nilidhani vyote vimeungua lakini diski ilikuwa nzima, na kwa kuwa ile kazi haikuisha gemu ikaturudisha kabla ya vita, Atlas limesimama pale gereji jipya halina hata mkwaruzo, sibili karibu na sifuri. Mjomba akaliangalia lile fuvu, akasema "lina sura mbaya." Hemedi bado anataka kuliingiza kazini, Kibwana anataka liuzwe leo.

Babu Skrepa alikuwa kwenye kigoda chake na simu inachaji. Akauliza, lina kilo ngapi?

Tukamwambia tani mia moja.

Akachomoa simu kwenye chaji, akafungua kikokotoo, akabonyeza taratibu kwa kidole kimoja, akaisogeza mbali na macho asome. "Milioni kumi," akasema. "Mwambieni mwenyewe akate vipande, Fuso langu haliwezi trip moja."