Tairi iteleze kabla mota haijakwama

Fyuzi ya tatu iliungua Jumatano jioni, na ndiyo ilikuwa ya mwisho kwenye boksi. Roboti yetu ilikuwa imebanana na roboti ya mazoezi katikati ya uwanja. Mota zikavuma kwa sauti ile nzito, kama pikipiki inayolazimishwa kupanda mlima ikiwa gia ya nne, halafu kimya. Binti mmoja wa Kidato cha Tatu, ambaye kazi yake kwenye timu ni kuangalia mota na tairi, aliweka kiganja juu ya mota ya kushoto akakitoa papo hapo.

"Madam, inaunguza."

Nafundisha fizikia sekondari hapa Dar es Salaam, na baada ya vipindi nasimamia klabu ya roboti. Tunafuata kanuni za FIRST Tech Challenge, mashindano ya wanafunzi yaliyoanzia Marekani: uwanja wa futi 12 kwa 12 uliotandikwa vipande vya sponji, roboti isiyozidi inchi 18 kila upande mchezo unapoanza, na betri moja ya volti 12 yenye fyuzi ya ampea 20. Naandika haya kwa mwalimu au mwanafunzi mwenye roboti inayokimbia vizuri ikiwa peke yake, lakini ikigusana na mwenzake inakufa. Sisi tulikaa na tatizo hilo wiki tatu nzima.

Kwanza tulilaumu betri. Tukabadilisha betri, hali ikawa ileile. Tukalaumu programu, vijana wakapunguza nguvu ya mota hadi asilimia 70, roboti ikawa ya kujikokota na bado ikikutana na kizuizi inakwama. Ndipo nikawaambia tuache kubahatisha. Tufungue giaboksi, tuhesabu.

Giaboksi zetu ni za sayari, zile za kampuni ya REV Robotics zinazopangwa kwa katriji, yaani vikasha vya gia vinavyounganishwa kimoja na kingine. Ukifungua katriji moja unakuta mpangilio mzuri sana kuutazama: gia ndogo katikati inaitwa jua, gia tatu zinaizunguka ndizo sayari, na nje kuna pete yenye meno kwa ndani. Mota inazungusha jua, sayari zinatambaa ndani ya pete, na kile kibebeo cha sayari ndicho kinachotoka upande wa pili kikiwa kimepungua kasi na kuongezeka nguvu. Katriji zinajulikana kwa majina ya 3, 4 na 5. Binti yule alipaka wino mweupe wa kufutia kwenye jino moja la pete ili asipotee, akahesabu kwa ncha ya penseli: 55. Jua la katriji ya 5 lilikuwa na meno 13. Uwiano wa gia, yaani mota inazunguka mara ngapi ili upande wa pili uzunguke mara moja, kwa gia za sayari pete ikiwa imesimama ni moja jumlisha meno ya pete gawanya kwa meno ya jua. Akapiga hesabu: 5.23.

"Sasa mbona inaitwa 5?"

Swali zuri, na lilikuja kutusaidia baadaye. Ile ya 4 kwa kweli ni 3.62, na ile ya 3 ni 2.90. Majina yale ni ya kurahisisha mazungumzo tu, hesabu zinataka meno.

Sisi tulikuwa tumefunga 3 na 4 kwenye kila mota, yaani 2.90 mara 3.62, uwiano wa karibu 10.5. Mota inazunguka mara 6,000 kwa dakika ikiwa haina mzigo, na kwa tairi zetu za milimita 90 hiyo ni karibu mita 2.7 kwa sekunde. Vijana waliipenda kasi hiyo kupita kiasi. Lakini mota ileile ikikwama, yaani inapewa umeme na haizunguki, inatoa nguvu ya kuzungusha ya newtonmita 0.105 tu. Zidisha kwa uwiano wa gia, gawanya kwa nusu kipenyo cha tairi, mita 0.045, unapata newtoni kama 24 kwa tairi moja. Tairi nne zote: takriban 98.

Namba hiyo peke yake haikutuambia kitu mpaka tulipojua sakafu inashika kiasi gani. Hapo nilikwenda kuazima mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia samaki, kwa jirani yangu anayefanya biashara hiyo. Tukafunga tairi zote kwa kamba ya manila zisizunguke, tukanasa ndoano ya mizani kwenye fremu, tukavuta polepole juu ya sponji. Mshale ukapanda, kilo 6, kilo 8, roboti imegoma. Ilipokaribia kilo 10 ikachomoka. Roboti yenyewe ina uzito wa kilo 10. Kilo 10 ni newtoni 98.

Niliandika namba mbili ubaoni, 98 na 98, nikanyamaza. Aliyeelewa kwanza alikuwa dereva wetu, mwanafunzi anayeiongoza roboti. Tukisukumana na roboti nyingine, tairi zetu zinaishika sakafu sawasawa na uwezo wote wa mota, hazitelezi, kwa hiyo kinachosimama ni mota. Tena hapo hatujatoa nguvu inayoliwa na msuguano ndani ya gia. Mota iliyokwama inavuta ampea 8.5. Nne ni ampea 34. Fyuzi ni ya 20.

Kwa hiyo hakuna kilichokuwa kibovu. Fyuzi ilikuwa inafanya kazi yake, na sisi ndio tuliokuwa tumechagua gia kwa kuangalia kasi peke yake. Tangu siku hiyo kwenye klabu yetu kuna kipimo kimoja kabla ya kufunga giaboksi yoyote ya tairi: tairi iteleze kabla mota haijakwama. Tairi ikiteleza mota inaendelea kuzunguka, umeme unapungua, na hakuna kinachoungua.

Tukapanga upya, katriji ya 5 na ya 4, karibu 18.9. Nguvu ya kusukuma ikapanda hadi newtoni 176 kwenye karatasi. Tairi zinaanza kuteleza kwenye 98, yaani mota zikiwa zimefika asilimia 56 tu, kama ampea 4.7 kila moja, jumla karibu 19. Nafasi iliyobaki chini ya fyuzi ni nyembamba, nakubali. Tungeweza kwenda 5 na 5 tukapata nafasi kubwa zaidi, lakini roboti ingekuwa ya mita 1 kwa sekunde, na hilo sikulitaka.

Dereva hakuridhika. Alisema tumeua roboti, kutoka mita 2.7 hadi mita 1.5. Sikumbishia, nilimpa simu apime kwa saa. Kwa safari ya kipande kimoja cha uwanja, sentimita 60, hakuona tofauti ya maana, kwa sababu roboti ya zamani ilikuwa inatumia safari yote hiyo kujikusanya wakati mpya inaondoka mara moja. Tofauti ilionekana ilipokatiza uwanja mzima. Tukahesabu mwendo wa mechi moja ya mazoezi: safari nyingi zilikuwa za kipande kimoja au viwili. Akarudisha simu bila kusema neno, kesho yake akaja mapema kufanya mazoezi.

Lakini mota ya nyuma kushoto iliendelea kupata joto kuliko wenzake. Tuliipandisha roboti juu ya vitabu, tairi hewani, tukasoma umeme wa kila mota. Tatu zilikuwa chini ya ampea 1. Ile ya kushoto ilikaribia 2, na haibebi chochote! Tukaitoa mota, tukazungusha shafti kwa vidole: ilikuwa inalainika na kukaza, inalainika na kukaza, kila mzunguko.

Nilikwenda na wanafunzi wawili eneo la Gerezani, hapa hapa Dar es Salaam, kwa fundi mmoja mzee anayetengeneza vyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Nini hicho, gari la watoto?"

Alipoelezwa aliacha kazi yake kabisa. Akachomoa shafti, akainua fremu usawa wa jicho kuelekea mwanga wa barabarani, akatazama kupitia tundu la beringi ya kwanza hadi la pili. Akatuita tutazame na sisi. Ulionekana mwezi mwembamba wa mwanga badala ya duara.

"Matundu hayaonani," alisema. "Mlitoboa bati moja moja. Bati mbili za shafti moja zinatobolewa kwa pamoja."

Alikata bati mbili mpya za alumini za milimita 3, akazibandika moja juu ya nyingine, akazibana kwenye jiliwa, akatoboa zote kwa mpigo mmoja. Kisha akatia alama ya msumari kwenye kona ili tusigeuze moja tukiwa tunafunga. Alichukua kama nusu saa. Shafti ilipoingia ilizunguka yenyewe kwa kupulizwa. Akatuonya pia skrubu za giaboksi tusizikaze moja hadi mwisho ndipo tuhamie nyingine, tukaze kwa kupishana kama nati za tairi ya gari, kidogo kidogo. Tuliporudi tukaona mbili kati ya giaboksi zetu zilikuwa zimeminywa upande mmoja.

Kukata kona lilikuwa jambo jepesi zaidi. Tairi nne za mpira hazipendi kugeuka, kwa sababu ili roboti igeuke lazima zikokotwe kwa ubavu. Mbili za nyuma tulizibadilisha na za omni, zenye viringo vidogo ukingoni vinavyoziruhusu kuserereka kwa pembeni. Sasa ukiisukuma roboti yetu ubavuni kwa nyuma inahama, na wapinzani watalijua hilo. Dereva anajua aelekeze mbele yake kwa anayekuja.

Likabaki jambo moja. Kwenye sekunde 30 za mwanzo, ambapo roboti inajiendesha yenyewe, tuliiamuru iende mita 1 ikaenda mita 1 na sentimita 6. Mwandishi wa programu alikesha akitafuta kosa kwenye mistari yake. Binti wa gia alimwuliza swali moja tu: umeandika uwiano gani? Alikuwa ameandika 20, nne mara tano. Kihesabio cha mota kinatoa hesabu 28 kwa kila mzunguko. Kwa 20 unapata 560 kwa mzunguko mmoja wa tairi, kwa meno halisi unapata 530. Akabadilisha namba moja, roboti ikasimama kwenye mstari.

Ijumaa iliyofuata tuliirudisha katikati ya uwanja, pua kwa pua na ile ya mazoezi. Dereva akasukuma mpini hadi mwisho. Tairi zikalia juu ya sponji, zikateleza, zikashika, zikateleza tena, na roboti ya pili ikaanza kurudi nyuma. Nilihesabu kimoyomoyo hadi 20. Mwenye mizani yake alikuwa amekuja kuichukua, akasimama mlangoni akiangalia.

Roboti iliposimama, binti alipiga magoti akaweka kiganja juu ya mota ya kushoto. Akakiacha hapo.

"Madam, ni ya vuguvugu tu."

Kisha akahamia ya kulia, na za nyuma, moja baada ya nyingine, akaandika kwenye daftari.