Gego la binti yangu

"Mama, linauma nikinywa chai." Nikammulika kwa tochi ya simu: gego la nyuma kabisa, kitundu cheusi kama kichwa cha pini. Nilidhani ni la utoto, litang'oka tu. Kumbe sivyo! Daktari akanieleza kwamba gego hilo huota karibu na miaka 6, nyuma ya meno ya utoto, na likiharibika haliji jingine.

Iliniuma sana, maana nilikuwa namwachia apige mswaki mwenyewe. Sasa kila usiku namlaza kichwa mapajani pangu, nampigisha mswaki mimi. Dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayoimarisha meno, kiasi cha punje ya njegere, dakika 2. Anatema, hasukutui kwa maji. Bibi yake naye ameacha kumpa andazi kitandani.