Gudulia la Maji Kichwani pa Eliya

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii sauti yangu imekatika. Jumanne, kipindi cha tatu, Darasa la Nne, watoto 94, nikafungua kinywa kusema "kaeni" ikatoka pumzi tupu. Mtoto wa dawati la mbele akadhani nalia. Nikawaandikia kazi ubaoni, nikakaa pembeni nikijifuta chaki mikononi, na machozi yakaja kweli.

Jioni nikapita zahanati. Nesi, binti ambaye ningeweza kumzaa, akanipima presha: 158 kwa 98. Akanipumzisha, akarudia, haikushuka sana. Kisha akaniuliza, "Mama, leo umekunywa maji mara ngapi?"

Tangu chai ya alfajiri sikuwa nimenywa hata tone. Wala sikusahau. Huwa sinywi makusudi, kwa sababu choo cha walimu kiko mbali, ufunguo wake unaning'inia kwenye msumari ofisini, na nikitoka tu darasa linageuka soko. Walimu wenzangu mnanielewa. Wengi wetu, kina mama hasa, tumejizoeza kushinda na kiu mpaka saa tisa, mkojo tunaubana, UTI haziishi, na koo likikauka tunasingizia hali ya hewa.

Usiku nikafungua 1 Wafalme 19. Sura hiyo nimeifundisha mara nyingi, na kila mara nilikimbilia ile sauti ndogo ya utulivu. Safari hii nikakwama mstari wa sita. Mtumishi wa Mungu, nabii Eliya, amelala chini ya mti wa mretemu, amechoka, anaomba afe. Malaika hakumhubiria. Hakumuuliza imani yake imepungukia wapi. Alimgusa, na kichwani pake pana mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Bwana alikuwa na mengi ya kusema naye kule Horebu, lakini alianza na mkate, maji na usingizi. Nami miaka yote hii nimelipita gudulia langu nikidhani ndiyo kujitoa kwa ajili ya watoto. Nimetubu.

Sasa niwaseme kidogo, maana nawapenda. Wapo kati yetu walioandikiwa dawa za presha, wakaombewa, wakajisikia vizuri, wakaacha. Wapendwa, presha haipigi hodi. Inaweza kuwa juu na usiumwe popote, mpaka siku unapoanguka. Meza dawa yako, na uombe ukiwa umemeza. Bwana akikuponya, kipimo kitaonyesha, na daktari mwenyewe ndiye atakayekuachisha.

Mengine ni madogo. Ubao tuufute kwa kitambaa kibichi, vumbi lisipande. Watoto tuwazoeshe makofi ya kunyamaza badala ya kupaza sauti, na sauti ikikauka tusinong'one kwa nguvu, kunong'ona nako kunaichosha. Ikipita wiki tatu bado imekauka, nenda hospitali. Na mama anayetupikia uji, anayeinama kwenye moshi wa kuni tangu alfajiri macho yakiwa mekundu, tusimsalimie tu na kupita. Tuombe uongozi umpatie kuni kavu na jiko linalopitisha hewa. Mwili wake nao ni hekalu la Roho Mtakatifu.

Alhamisi nilikuja na chupa ya lita moja, nikaiweka mezani mbele ya watoto. Nikamwomba mwalimu wa darasa la jirani anitazamie wangu nikitoka, nami nimtazamie wake. Akanishika mkono, akasema, "Mwalimu, nilidhani ni mimi peke yangu." Tumekubaliana zamu, na ufunguo sasa unakaa kwetu.

Jumatatu narudi zahanati kupima tena. Ambaye hajawahi kupima presha mwaka huu tukutane getini baada ya vipindi, twende wote.