Geti la Tomping

Leo asubuhi hapa Elegu, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, nimepishana na magari meupe ya UN yakielekea Juba, nikakumbuka geti la Tomping.

Desemba 2013 nilikuwa Juba na magunia 40 ya vitunguu, soko la Konyo Konyo. Jumapili tarehe 15 usiku, milio ya risasi ikaanza. Wallahi tulidhani fataki za Krismasi! Kulipokucha watu walikuwa wanakimbilia kambi ya Tomping ya UNMISS, ujumbe wa UN wa kulinda amani Sudan Kusini, karibu na uwanja wa ndege. Nikafuata mkumbo, vitunguu nikaviacha. Geti likafunguliwa. Tukalala chini, vumbi tupu, maji kwa foleni. Mama mmoja pembeni yangu alikuwa amekimbia na sufuria ya ugali ambao haujaiva vizuri. Akatumegea wote, hata mimi mgeni nisiyejua lugha yake.

UNMISS iliundwa Julai 2011, siku moja tu kabla ya uhuru wa Sudan Kusini, isaidie nchi changa kusimama: polisi, utawala, usalama wa raia. Vita haikuizuia, tusidanganyane. Wakimbizi waliojaa kambi ya Bidibidi hapa Uganda kuanzia 2016 ni ushahidi tosha. Lakini jamaa zangu wa stendi wakisema hao UN wanakula mishahara tu, mimi nanyamaza kidogo, halafu nawauliza: wewe ulikuwa Juba usiku ule?

Siku ya tano nikapata lori hadi Nimule mpakani, nikavuka kwa miguu. Vitunguu vyangu sijui vilipikwa na nani.