Usiku nilioliomba dude samahani

Mtoto amekuja mbio kutoka nyuma ya nyumba, vidole vyote udongo, ananivuta mkono nikaone kitu. Kitu chenyewe ni kifauongo tu, si mnakijua, kile kimmea cha majani madogo madogo kama manyoya, ukikigusa kinajikunja na kulala kama kimekata roho. Akakigusa, kikajifunga, akanigeukia na macho makubwa. "Baba, kimenijua?"

Nikafungua mdomo niseme hapana, mimea haina ubongo, jibu la sekunde mbili kwisha habari, na jibu halikutoka. Nikamwambia subiri kidogo nipokee simu. Simu yenyewe wala haikuwa inaita.

Shida ni lile dude la 2018. Wengine nishawahi kuwaambia juu juu kwamba tulipata "tatizo la pampu" na nikaishia hapo, na ni kweli tulipata tatizo la pampu.

Tulikuwa kule Atlantiki kwenye rigi, yaani jukwaa la chuma la kuchimbia gesi baharini, ya miguu minne, siku ya kumi na moja ya zamu, watu washaanza kuchokana sura. Wa kwanza kuliona ni jamaa wa kreni maana yeye ndo anakaa juu kuliko wote. Akaita kwenye redio njooni muone bahari imelimwa. Tukadhani utani. Tukasogea kwenye reli na kweli, bahari ina matuta, yaani matuta kabisa kama shamba lililopigwa trekta, mistari ya kahawia imenyooka kuanzia kule macho yanakoishia, tuta, maji, tuta, maji, na mistari yote imeelekezwa kwetu. Mtu akapiga picha, mwingine akauliza tunavuna lini, tukarudi kazini.

Saa nane mchana pampu A ikaanza kulia. Hizi ni pampu za maji ya bahari, na kwa asiyejua, maji hayo ndo yanapoza majenereta, ndo yanachujwa chumvi watu waoge, na ndo ya kuzimia moto, bila hayo rigi ni lundo la chuma lililokaa juu ya gesi na kuomba Mungu. Tukafungua chujio tukakuta limeshindiliwa uji wa kahawia, majani na vijishanga vilivyopondeka. Tukahamia pampu B huku tunasafisha A. Haikupita saa, B ikaanza kulia. Tukarudi A ambayo tumetoka kuisafisha, nayo ikajaa haraka kuliko mara ya kwanza. Tukafanya hivyo mpaka giza linaingia, mikono imekuwa kama ngozi ya nyoka, na Mzee wa Pampu ambaye huwa haongei akiwa kazini akanyoosha mgongo akasema, "Hili linatufuata."

Hakuna aliyecheka, na sababu ni moja. Mdomo wa pampu uko chini, mita nyingi chini ya maji, na dude linaelea juu. Jamaa wa umeme ndo aliyeuliza mezani usiku ule, kijiko hewani, kitu kinachoelea juu kimejuaje kwamba tunanywea chini? Kila mtu akaangalia sahani yake.

Bosi wa rigi akaamua tulipige na maji ya presha, tulisukume mbali na miguu. Tukalipiga saa nzima. Likakatikakatika likawa vipande vipande, vipande vikazunguka mguu, vikakutana upande wa pili. Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba mwani ule hauna mbegu wala mizizi, unazaana kwa kukatika, kila kipande kinaendelea kukua kivyake. Kwa hiyo saa nzima ile tulikuwa tunalipanda.

Sasa hii ndo sehemu ambayo sijawahi kuisimulia.

Ofisi ya nchi kavu ilitaka sampuli. Saa sita usiku nikateremshwa mimi na Mzee mpaka jukwaa la chini kabisa, pale boti zinapoegesha, wavu mmoja wa mpini mrefu na ndoo yenye mfuniko. Laifjaketi, harnesi imefungwa kwenye reli, redio, boti ya uokozi imekaa karibu imewasha taa zote. Mimi pale chini nimeshuka mara nyingi na sauti ya pale naijua, mawimbi yanakupiga makofi kwenye chuma mpaka unaongea kwa kupiga kelele. Usiku ule hamna. Kimya. Dude lilikuwa limeyakalia mawimbi, limeyalaza kabisa, limebaki linapanda na kushuka taratibu kuzunguka mguu wa rigi, linapanda, linashuka, nikajikuta na mimi navuta pumzi kwa kufuata lile, nikajizuia kwa makusudi na kifua kikaniuma.

Chini ya taa si kahawia kama mchana, ni rangi ya dhahabu iliyochafuka. Na lina vijipira vidogo vidogo elfu na elfu, ndo vifuko vya hewa vinavyolielesha, vinamemeta, huwezi kuamua kama ni shanga au ni kitu kingine kinachomemeta kwenye mwanga.

Nikalitukana. Tusi la nyumbani, kubwa, siliandiki hapa. Uchovu ule bana, na woga, na mtu wa pekee wa kunielewa pale alikuwa Mzee, ndo sisi wawili tu wa lugha moja kwenye rigi nzima.

"Usilitukane, dogo," akasema bila kunitazama. "Hujui linasikia nini."

"Mzee, hili ni jani tu."

"Basi chota jani."

Nikachota. Zito kuliko nilivyodhani. Nikalimwaga juu ya chuma, likatawanyika, uduvi wakatoka wadogo kama punje, kikaa kimoja kikakimbilia ukingoni kikajitupa. Nikapiga magoti nianze kujaza ndoo. Nikashika bua moja, nikalivuta, halikuja. Nikavuta tena, likavuta.

Nasema likavuta. Kidogo tu, kama mtoto anavyokataa kuachia kitambaa.

Nikasogeza taa ya helmeti. Kwenye lile bua kuna mkono umelishika. Mkono mdogo, wa rangi ile ile ya dhahabu chafu, una vidole, vidole vimejikunja kulizunguka bua hivi kama unavyoshika ngazi. Nikafuata mkono kwa macho, taratibu, maana sehemu ya kichwa changu ilishaamua haitaki kuona mwisho wake, nikafika kwenye fundo la majani, majani yenye vijishanga na vishipashipa kama majani mengine yote, na katikati ya majani kuna jicho. Si kitu kinachofanana na jicho. Jicho. Duara, na mistari midogo inayotawanyika kutoka katikati, na likazunguka likaniangalia, likashuka kwenye mkono wangu, likarudi usoni kwangu.

Kisha majani yakafungua mdomo.

Niliruka. Sikumbuki kuamua. Nilipiga ngazi hatua tatu na harnesi ikanirudisha chini kwa makalio, ndoo ikaenda baharini, wavu ukaenda baharini, na Mzee amesimama pale pale. Akainama, akamulika, akakaa kimya muda ambao mimi niliuona kama mwaka.

"Samaki," akasema.

"Samaki gani ana mikono?"

"Huyu." Akaliinua lile bua zima pamoja na mwenye mikono yake, akalirudisha majini kama anavyolaza mtoto. Ni kweli ni samaki, anaishi humo humo kwenye mwani, rangi yake, vinyama vyake vya ngozi, kila kitu kimeiga mwani, na mapezi yake anayatumia kushikilia na kutambaa. Sasa najua. Wakati ule nilichofanya, nikiwa bado nimekaa chini, ni kuliambia lile dude "samahani". Kwa sauti ndogo. Nilidhani Mzee hajasikia maana ndo alikuwa anaita redio kuomba ndoo nyingine.

Yaliyobaki nayapitisha haraka. Uji tuliokuwa tunautoa kwenye machujio tuliujaza kwenye mapipa, tukayafunika, tukayapanga kwenye kona karibu na chumba cha pampu, sijui tulikuwa tunamtunzia nani. Siku ya tatu saa tisa usiku alamu za gesi zikalia. Na si gesi yoyote, echi-tu-esi, haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, na kwenye rigi ukisikia hiyo unajua kisima ndo kimeamua. Kinachotisha si harufu, ni harufu ikipotea, maana ikizidi inaua pua kwanza, unadhani imeisha kumbe wewe ndo unaisha. Na ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Tunafundishwa kitu cha kwanza ni kuangalia upepo unatoka wapi na kwenda huko huko unakotoka, basi watu wazima mia na kitu na chupi zao wakatoka vyumbani wanaangalia juu kwenye ule mfuko wa upepo wa helideki, pale helikopta inapotua, kama kuku wanaotafuta mwewe. Tukahesabiwa. Wawili wakavaa mitungi ya hewa wakaingia na kipimo, namba zinapanda wanasogea, zinapanda wanasogea, wakaishia kwenye mapipa yetu. Mwani ulikuwa unaoza. Tuliubeba wenyewe, tukaufungia wenyewe, karibu na pale tunapolala.

Siku ya tano upepo ukageuka, tukaamka bahari ni tupu. Hata jani.

Nilikuja kusoma, si mnanijua, siwezi kuacha kitu. Ni mwani wa sargasamu, na kibaiolojia wala si mmea hasa, ni ukoo mwingine kabisa. Mwezi wa sita 2018 ulikuwa umetanda kutoka Afrika Magharibi mpaka Ghuba ya Mexico, kilomita 8,850, zaidi ya tani milioni 20, yaani sisi tuliguswa na unywele mmoja tu. Ile mistari mwanasayansi mmoja, Langmuir, aliiona akivuka Atlantiki 1927 akaja kuieleza, upepo unazungusha maji kama misokoto inayolala sambamba, panapokutana misokoto miwili takataka zinajipanga mstari. Haikuelekezwa kwetu, ulikuwa upepo tu na sisi tuko njiani. Na kufika chini nako kuna maelezo, mwani ukizeeka au ukikandamizwa chini sana vile vifuko vinaharibika, unazama. Na kuhama kutoka A kwenda B, jamani, pampu ndo ilikuwa inavuta. Inayofanya kazi ndo inayovuta. Sisi ndo tulikuwa tunaliita.

Nilifurahi sana kwa haya maelezo. Nikamwandikia Mzee meseji ndefu, keshastaafu siku hizi, nikamweleza kila kitu na tani na kilomita. Akakaa siku mbili. Akajibu, "Umesoma vizuri. Sasa yule uliyemuomba samahani ni nani?"

Sijamjibu mpaka leo na ni miaka sasa.

Basi juzi jioni nikaona nisimkimbie mtoto, nikatoka nimfuate nyuma ya nyumba. Njiani nilikuwa nishajipangia maneno, kuna utafiti wa 2014 wa kule Australia, walikuwa wanaangusha vyungu vya kifauongo kutoka sentimita 15 hivi, mara 60 mfululizo, mwisho vikaacha kujifunga, na baada ya wiki nne vilikuwa bado vinakumbuka kwamba kuanguka kule hakuna madhara. Kuna wanasayansi walioupinga, wanasema kukumbuka ni neno kubwa mno kwa jani. Nilitaka nimwambie pande zote mbili kama baba mwenye akili.

Nikamkuta amechuchumaa, kidole kinagusa, kinaachia, kinagusa, kinaachia, sijui yuko pale tangu saa ngapi. Na kifauongo hakijifungi. Kimekaa wazi na majani yake yote, anakigusa, kinatulia tu.

"Baba, ona. Kimenizoea."

Nikachuchumaa pembeni yake. Halafu nikajikuta nimeinua kichwa naangalia juu ya miti, upepo unatoka wapi.