Siku ya kumi na moja tangu wifi ajifungue

Busia. Nimefika saa nne asubuhi na kuku wawili na karanga za kusaga, najiona msaada umefika. Mlango akanifungulia wifi mwenyewe, mkono mmoja tumboni pale alipopasuliwa.

Kaka yangu karudi kazini siku nyingi. Sheria ya ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi, baba 4. Nne! Hata kitovu cha mtoto kilikuwa hakijadondoka.

Mama alikuwa keshachemsha maji ya kumkanda. Mimi nilikandwa hivyohivyo uzazi wangu wa kwanza, tena nilipenda, ila mimi sikupasuliwa. Nikamwambia taratibu, "Mama, mkunga kasema kidonda kikae kikavu, na tumbo lisibonyezwe." Alinuna kidogo. Kisha akachovya kitambaa, akamkanda miguu na mgongo tu, polepole, na wifi akaanza kulia bila sauti.

Mchana wakaja wageni. Wanapitiliza moja kwa moja kwa mtoto, huyu kafanana na babu yake, na wifi anainuka kuwachemshia chai! Nikamnyang'anya birika. Tangu hapo nimekaa mlangoni kama afisa wa forodha: mtoto kalala, mzazi kalala, chai iko kwangu, na mwenye nguvu ndoo ile pale. Jirani mmoja tu ndiye aliyechota maji. Wengine watanisema, wacha waseme.

Jioni nikamuuliza. Damu ikoje? Pedi unabadilisha mara ngapi? Kichwa, homa, kidonda kinatoa harufu? Akanitazama kana kwamba nimemuuliza jambo la aibu. Damu imepungua, alisema, rangi imepauka. Kisha, akimwangalia mtoto: "Wifi, juzi usiku nilitaka nimwache hapa kitandani, nitoke nitembee tu, nisirudi. Usimwambie Mama."

Sijamwambia Mama. Lakini nimemwambia wifi kwamba kesho tunaenda kituo cha afya pamoja, na atayasema hayo kwa mkunga kama alivyoniambia mimi. Machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi na hupita ndani ya wiki mbili. Hili la kutaka kutoka usiku sitalihesabia siku. Akaitikia kwa kichwa, akanyonyesha, akanipa mtoto.

Sasa ni saa tano usiku. Wifi analala saa ya tatu mfululizo. Nepi zimeanikwa ndani kwa sababu ya mvua. Kuku wangu bado wamefungwa miguu nyuma ya jiko, hakuna aliyepata nafasi ya kuwachinja.